Kabla ya kuchagua mchanga au changarawe, lijue jiwe lenyewe

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nichangie hoja iliyoletwa na msomaji mwenzetu wa Wete, ambaye wiki mbili zilizopita aliwashauri vijana wanaoanza kufuga samaki wa mapambo majumbani wasijisumbue kununua changarawe za madukani, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ametujaalia mchanga mweupe pande zote za visiwa vyetu, na ndoo mbili za mchanga wa pwani zinatosha kulitandika tangi lolote la nyumbani. Barua yake nimeisoma mara mbili. Nakubaliana naye kwamba kwa nyumba zetu nyingi mchanga unafaa kuliko changarawe, na sababu zangu nitazieleza. Lakini katika hilo la kuteka mchanga pwani nalazimika kumpinga, kwa heshima zote, kwa sababu kosa hilo nimelifanya mwenyewe na limenigharimu samaki, na ninaona uchungu kuona vijana wanaelekezwa njia ile ile.

Mchanga wa fukwe zetu, hasa ule mweupe laini wa upande wa mashariki ya Unguja tangu Makunduchi hadi Matemwe, haufanani na mchanga wa mito ya bara. Mchanga wa mtoni kwa kawaida ni jiwe gumu lililosagika, ambalo hata likikaa ndani ya maji miaka kumi haliyabadilishi maji hayo. Mchanga wetu wa pwani ni matumbawe yaliyovunjika, makombe yaliyosagwa na mawimbi, na mabaki ya aina za mwani zenye chokaa mwilini. Pono, yule samaki tunayemtaja kila tunapomsema mtu mwenye usingizi mzito, huyang'ata matumbawe kwa meno yake yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, akala kilicho hai ndani yake, na kilichobaki akakitoa nyuma yake kikiwa mchanga. Kwa maneno mengine, ufukwe tunaoutembea ni chokaa, na wakaazi wa Mji Mkongwe hawahitaji kuelezwa hilo na mtu yeyote, maana jiwe hilo hilo ndilo lililochomwa kwenye matanuu likawa chokaa ya kujengea na kupaka nyumba zao.

Wala mtu asidhani kwamba akiuacha mchanga wa pwani na kuchukua kokoto za ujenzi atakuwa amesalimika. Kokoto nyingi zinazogongwa kwa nyundo na kina mama kando ya njia huku Unguja ni mawe ya matumbawe ya kale, yaliyokuwa chini ya bahari kabla ya kuwa nchi kavu. Ukubwa wa chembe umebadilika, lakini jiwe ni lile lile. Ndiyo maana nasema kuwa mjadala wa mchanga na changarawe, ambao wafugaji huuendesha kana kwamba ni suala la ukubwa wa chembe tu, kwetu sisi wa visiwani una suala jengine la kutangulia, nalo ni asili ya jiwe.

Kulijua jiwe hakuhitaji maabara. Juzi usiku niliweka visahani viwili juu ya meza, kimoja kikiwa na kijiko cha mchanga wa pwani ulioletwa na kijana wa jirani yangu, na chengine kikiwa na kijiko cha mchanga wa silika, yaani wa jiwe gumu lisilo na chokaa, ninaoutumia kwenye tangi langu, yote miwili ikiwa imeoshwa na kukaushwa. Nikamimina siki nyeupe ya dukani juu ya vyote viwili. Mchanga wa pwani ulianza kuchemka papo hapo: vipovu vidogo vilipanda mfululizo, chembe nyepesi zikawa zinanyanyuka na kuanguka, na nilipoinamisha sikio nilisikia mchemko mwembamba kama wa soda iliyomiminwa sasa hivi kwenye gilasi. Kisahani cha pili kilikaa kimya, mchanga ukiwa umelowa tu. Kijana yule, ambaye yuko skuli ya sekondari na amesoma kemia, alinieleza yeye mwenyewe kwamba siki ni asidi, na asidi ikikutana na kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo hiyo chokaa, hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi. Alikuwa ameshaisoma kanuni hiyo darasani lakini hakuwahi kufikiri kwamba inamhusu yeye na samaki wake. Asiye na siki atumie maji ya ndimu, na atazame kwa karibu.

Ndani ya tangi hakuna siki, lakini asidi ipo. Samaki wanapumua mchana na usiku, na kaboni dayoksaidi wanayoitoa ikichanganyika na maji huyatia uchachu hafifu. Mabaki ya chakula na kinyesi vinapooza navyo huongeza uchachu wao. Kile kilichotokea kisahanini kwa dakika tano kinatokea tangini kwa wiki na miezi, bila kipovu wala sauti. Chokaa inayeyuka kidogo kidogo, maji yanazidi kuwa magumu, yaani yenye chokaa nyingi, na kipimo cha pH, ambacho hushuka maji yakiwa na uchachu na hupanda uchachu ukipungua, kinapanda kutoka 7, ambacho ni katikati, kwenda karibu na 8 au kupita kidogo. Wenye mazoea ya kuchemsha maji ya mfereji hapa Unguja wanaujua ule ukoga mweupe unaoganda ndani ya birika. Maji yetu mengi yana chokaa tayari kabla hatujaongeza yetu.

Kwa gapi na moli hilo si tatizo kubwa, kwa kuwa ni samaki wadogo wa mapambo wanaoyapenda maji magumu. Kwa tetra neoni, ambao asili yao ni vijito vya Amazonia vyenye maji laini na yenye uchachu, ni jambo tofauti kabisa. Nilipoanza ufugaji nilikinga maji ya mvua ya masika mapipa mawili kwa ajili ya tetra 12 niliokuwa nimewanunua kwa fedha nyingi, nikayaacha yatulie, nikawa najiona mjuzi. Kisha maji hayo laini niliyoyahangaikia nikayamimina juu ya mchanga wa pwani wa unene wa vidole vinne. Siku za mwanzo walikuwa wazima. Baada ya wiki ule mstari wao wa buluu ulianza kufifia, wakawa wanakaa juu kwenye uso wa maji wakipumua kwa haraka, na kabla ya siku ya kumi na nne walikuwa wamebaki wawili. Mtu aliyeniuzia aliniambia nimewalisha kupita kiasi. Huenda nililisha zaidi, sikatai, lakini kuna jambo ambalo hakunieleza na ambalo kila anayeanza anapaswa kulielewa.

Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia. Tangi likiwa jipya halina bakteria wa kutosha wa kuigeuza amonia hiyo kuwa naitraiti, na kisha naitraiti kuwa naitreti isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Katika muda huo ukali wa amonia unategemea sana pH. Sehemu kubwa ya amonia ikiwa kwenye maji ya pH 7 huwa katika hali isiyodhuru sana, lakini pH ikipanda ikafika 8, ile sehemu yenye sumu huongezeka kwa karibu mara 10, na joto la maji yetu linazidisha. Kwa hiyo anayetandika mchanga wa pwani katika tangi jipya la samaki wa maji laini anafanya makosa mawili kwa mkono mmoja: anawatoa samaki katika maji wanayoyazoea, na anainoa sumu katika wiki zile zile ambazo tangi halina uwezo wa kuiondoa.

Nakiri kuwa kuna samaki ambao chokaa haiwadhuru, na ni samaki wa nchi yetu wenyewe. Sikilidi, jamii ya samaki wa Ziwa Tanganyika ambao wafugaji wa Ulaya na Marekani huwanunua kwa bei kubwa, wanaishi katika maji yenye pH inayokaribia 9, na wale wa Ziwa Nyasa nao wanaishi katika maji ya pH ya juu ya 7 na nusu. Miongoni mwa wale wa Tanganyika wapo wadogo, wengine hawafiki sentimita 5, wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Kila mmoja huchimba mchanga kwa kinywa mpaka kombe lake linazama na kubaki mlango tu. Samaki hao hawawezi kuishi maisha yao juu ya changarawe, kwa sababu hawawezi kuzichimba. Anayetaka kuwafuga atandike mchanga bila ya kusitasita, na akitaka kuongeza ugumu wa maji aweke konzi mbili za kokoto za matumbawe, zilizooshwa vizuri, ndani ya kichujio. Hilo latosha. Hana haja ya kwenda pwani na ndoo.

Na pwani asiende kwa sababu nyengine pia. Uchimbaji wa mchanga Zanzibar unataka kibali, na sote tunajua jinsi mchanga wa ujenzi ulivyokuwa adimu na jinsi bahari inavyozila fukwe zetu. Kasa nao hutaga mayai yao ndani ya mchanga huo huo, kule Misali na Mnemba. Ndugu yangu wa Wete atasema ndoo mbili si kitu. Lakini yeye hakumshauri mtu mmoja, ameshauri wasomaji wote wa gazeti hili. Zaidi ya hayo, mchanga wa pwani una chumvi, na una vijidudu na vinyoo vya baharini vilivyo hai, ambavyo vikiingia kwenye maji yasiyo na chumvi hufa na kuoza siku ya kwanza.

Sasa nije kwenye mchanga na changarawe zenyewe, tukichukulia kwamba vyote viwili vimepita mtihani wa siki.

Changarawe za tangi kwa kawaida zina ukubwa wa milimita 2 hadi 5. Sifa yake kubwa ni kwamba maji hupita katikati yake, na ndiyo maana kichujio cha zamani cha kuwekwa chini, kile kinachovuta maji kupitia kwenye changarawe kwa nguvu ya pampu ya hewa, hakifanyi kazi isipokuwa kwa changarawe. Aidha changarawe haziingii kwenye pampu wala hazinyanyuki unaposafisha: unauchoma mpira mpana wa kunyonya hadi chini, mawe yanacheza ndani ya mdomo wake, uchafu unapanda na maji, na mawe yanarudi mahali pake. Kwa miaka ya mwanzo nilizitumia, na sikuwa na wazo jengine.

Yaliyonibadilisha ni yale ya kukatika umeme Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Wakati ule nilikuwa na tangi lenye changarawe za unene wa sentimita 6 juu ya kichujio cha chini. Pampu ya hewa iliponyamaza, maji yaliacha kupita ndani ya changarawe, na uchafu wote uliokuwa umekusanyika humo kwa miezi, ambao mimi kwa kuutazama kupitia kiooni niliuona kama kivuli tu kati ya mawe, ulianza kuoza bila hewa. Siku ya pili asubuhi chumba kilikuwa na harufu. Nilipotia mkono na kuzitikisa changarawe, lilitoka wingu la rangi ya kahawa lililojaza tangi zima, na samaki wote wakapanda juu. Maji ya mfereji nayo yalikuwa ya shida, kwa kuwa pampu za visimani zinategemea umeme huo huo, kwa hiyo hata kuyabadilisha maji ya tangi ilikuwa ni kuwanyima watu wa nyumbani. Niliwapoteza karibu wote.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyekuwa mwalimu, alikuwa na tangi dogo lenye mchanga wa kina cha vidole viwili tu, mimea mingi na samaki wachache. Kila jioni alikuwa akiteka uchafu uliolala juu ya mchanga kwa kipande cha mpira, kata moja au mbili za maji, basi. Miezi mitatu ilipita na samaki wake walikuwepo. Sisemi ni mchanga peke yake uliowaokoa, maana uchache wa samaki na wingi wa mimea una sehemu yake kubwa. Lakini uchafu wake ulikuwa juu, mahali anapouona na anapoufikia, na wangu ulikuwa umefichika chini.

Hapa ndipo penye hoja yangu hasa, na naomba wafugaji wa visiwani waifikirie kwa sababu vitabu vingi na maelezo mengi ya ufugaji wa samaki wa mapambo yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao wanahitaji hita ili kuyapasha maji. Maji ya matangi yetu yanakaa kwenye digrii 27 au 28 bila ya msaada wa mtu, na wakati wa kaskazi hufika 30. Maji ya digrii 20 yanaweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Ya digrii 30 hubeba kama 7 na nusu. Wakati huo huo joto linaongeza kasi ya kuoza, na kila kinachooza kinakula oksijeni. Kwetu, chakula kilichopotea kati ya changarawe leo kesho kimeshaanza kuyachafua maji, na umeme unaweza kukatika wakati wowote. Tangi ambalo uchafu wake unaonekana ndilo linalofaa nyumba ya joto, na uchafu unaonekana juu ya mchanga.

Mchanga una kasoro zake. Ukiwekwa mnene hushikana, maji hayapiti, na chini yake hutokea madoa meusi yenye hewa ya harufu ya yai viza, ambayo ni sumu kwa samaki. Dawa yake ni kuuweka mwembamba, sentimita 2 hadi 3, na kuuvurugavuruga kwa kijiti kila wiki sehemu moja moja. Wapo pia konokono wadogo wenye gamba refu lililosokotwa kama parafujo, ambao mchana hujizika mchangani na usiku hutoka. Hao huulima mchanga bila kuombwa, ingawa ukilisha sana watazaana mpaka uwachukie. Mpira wa kunyonya usiuchome ndani ya mchanga kama kwenye changarawe: ushike juu yake kwa kiasi cha upana wa kidole gumba, uuzungushe taratibu, na uchafu utanyanyuka peke yake kwa kuwa ni mwepesi kuliko mchanga. Mdomo wa kichujio nao uinuliwe mbali na chini, kwa sababu chembe zikiingia kwenye pampu huikwangua mpaka ikafa.

Wapo samaki ambao kwao mchanga ni lazima. Kambare wadogo wa Amerika ya Kusini waitwao koridorasi, ambao wanauzwa siku hizi hata mjini hapa, hutafuta chakula kwa kuchimba kwa mdomo na sharubu. Wangu wa mwanzo niliwaweka juu ya kokoto zenye ncha. Baada ya miezi kadhaa nilipomtazama mmoja kwa karibu akiwa amegusa kioo, sharubu zake zilikuwa zimebaki vibutu, na pembeni mwa mdomo palikuwa pamevimba na kuwa pekundu. Hawa nilionao sasa juu ya mchanga huzamisha uso mpaka machoni, wakauvuta mchanga kinywani, na ukawatoka kwenye mashavu kama moshi mwembamba huku chakula kikibaki ndani. Mtu aliyeliona hilo mara moja hatataka tena kuwawekea mawe. Samaki dhahabu nao wana tabia ya kutia mawe kinywani na kuyatema, na changarawe ya ukubwa wa pojo inaweza kuwakwama kooni. Wao wapewe mchanga, au kokoto kubwa ambazo haziingii mdomoni.

Kwa mimea sitasema mengi. Ile yenye majani marefu kama utepe huota vizuri kwenye mchanga na kwenye maji yetu magumu, na ile ya kufungwa juu ya gogo au jiwe haijali chini pana nini. Rangi iwe ya kahawa au kijivu kuliko nyeupe, kwani samaki juu ya weupe hupauka na kuwa na woga. Changarawe za kupakwa rangi nawasihi wazazi waziepuke, hata kama watoto watazililia: nilizozinunua mimi katika duka moja la mjini zilianza kubambuka mwezi wa tatu, na maganda yake ya buluu nikawa nayakuta kwenye kichujio.

Uzito nao si wa kudharauliwa, hasa kwetu tunaokaa kwenye majumba ya Michenzani, ambako kila ndoo hupanda ngazi kwa mkono. Tangi la urefu wa sentimita 60 na upana wa 30 likiwekwa changarawe za sentimita 6 litabeba karibu kilo 17 za mawe. Kwa mchanga wa sentimita 3 ni kilo 8 au 9 tu. Tofauti hiyo fundi wa meza ataifurahia, na mabega yako pia.

Mchanga usio wa chokaa unapatikana, ndugu Mhariri, bila ya kuigusa pwani. Wanaouza vifaa vya mabwawa ya kuogelea ya mahoteli huuza kwa mifuko mchanga wa silika wa kuchujia maji, wenye chembe za karibu nusu milimita hadi milimita moja, zilizolingana na zisizo na vumbi jingi, na mfuko mmoja mnaweza kugawana wafugaji watatu. Mchanga wa shamba unaochimbwa kihalali na kuuzwa kwa ujenzi mara nyingi nao hufaa, lakini upimwe kwa siki kila unaponunua, kwa kuwa lori moja hutoka shimo hili na jengine shimo lile, na uoshwe kwelikweli. Mimi huosha ndoo nusu nusu, nikiukoroga kwa mkono na kumwaga maji ya juu, mara 15 au 20, mpaka niweze kuiona chini ya ndoo. Kisha nautandika, naweka sahani juu yake, na maji nayamimina juu ya sahani polepole ili mchanga usitibuke. Kichujio nakiwasha baada ya vumbi kutua.

Wenye maduka ya samaki nawaomba jambo moja dogo: waandike kwenye kila mfuko wa mchanga au changarawe kama jiwe lake ni la chokaa au si la chokaa. Mnunuzi wa unga huandikiwa kama ni wa ngano au wa mahindi, na haijapata kuonekana kuwa ni usumbufu.

Na kwa wale ambao tayari wameshautandika mchanga wa pwani kwa kufuata barua ile, nawasihi wasiutoe wote kwa siku moja huku samaki wakiwa ndani, kwa sababu watalitibua tangi, na watawatupa pamoja nao bakteria waliokwisha kujijenga humo. Kila wiki, wakati wa kubadilisha robo ya maji, wauvute kwa mpira mwembamba sehemu moja tu, na badala yake waweke mchanga wa silika uliooshwa, na pH waipime kabla na baada. Kijana wa jirani yangu na mimi tumeanza kazi hiyo Jumamosi iliyopita, na robo ya mchanga wake imeshatoka. Gapi wake hawakuonesha kujali hata kidogo. Tetra aliokuwa akikusudia kuwanunua amekubali kuwasubirisha mpaka baada ya masika.

Wako,
Mfugaji wa samaki wa mapambo,
Michenzani, Unguja.